Kigego cha Kafedha

Velma hakuwa mwanamke wa kunong'ona. Kwenye dobi ya hoteli moja kule Shanzu, alikofanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni, sauti yake ilishinda ngurumo za mashine zote zikizunguka kwa pamoja. Msimamizi akikosea zamu, Velma humwambia. Muuza mboga akimpunja, humwambia, na majirani wa muuza mboga nao huambiwa. Watu wa Mwakirunge walikuwa wameshamzoea, na wengi walimpenda kwa sababu hiyohiyo, maana Velma akikasirika hukai ukijiuliza umemkosea nini.

Jambo moja tu maishani mwake alikuwa amelinong'ona, tena kwa mtu mmoja: mama yake mzazi, kule Changamwe.

Ilikuwa hivi. Alipojifungua mwanawe wa kwanza, Kafedha, Velma alikwenda kwao Changamwe kutunzwa uzazi, akakaa huko mpaka mtoto akaanza kutambaa. Asubuhi moja akimchezesha, mtoto akaangua kicheko, na Velma akaona weupe kwenye ufizi. Ufizi wa juu. Akatia kidole akapapasa chini: laini, hakuna kitu. Juu vijino viwili vilikuwa vimeshachomoza, vinakwaruza kidole.

Nani pwani nzima asiyejua maana yake? Mtoto anayeota meno ya juu kabla ya ya chini ni kigego, na kigego ni mkosi unaotembea. Zamani vigego hawakuachwa wakue, na wazee wakifika hapo katika masimulizi yao hushusha sauti. Siku hizi hakuna wa kumgusa, serikali ipo na kanisa lipo, lakini Velma alikulia jirani na kigego mmoja, mvulana aliyeitwa Mwidani, na aliyoyaona yalimtosha. Kuku wakifa, ni Mwidani. Mvua ikigoma, Mwidani huyo. Hapewi mtoto mchanga ampakate, hatumwi dukani asije akalitia duka nuksi. Mwishowe walimhamishia kwa watu wa mbali, na hakuna aliyeuliza tena habari zake.

"Ukirudi naye hivi, mkweo atamwondoa," mama yake alimwambia. "Kaa hapa hadi ya chini yatoke. Halafu ufunge mdomo."

Velma akakaa. Aliporudi Mwakirunge, mtoto alikuwa na meno manne, mawili juu na mawili chini, na yeyote aliyeuliza aliambiwa kwamba yameota vizuri. Mumewe, Katana, alikuwa mkata mawe kwenye machimbo, na hakuuliza zaidi. Mama mkwe hakuuliza kabisa.

Huyo mama mkwe, ambaye boma zima lilimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale nyumbani. Katana alikuwa na mikono ya kupasua miamba, lakini mbele ya mama yake alikuwa hafurukuti. Hawe akisema mtoto huyu aondoke, Katana angelia, kisha angefunga nguo za mtoto kwenye mfuko. Velma alilijua hilo barabara. Ndiyo maana alifunga mdomo miaka saba, yeye ambaye hakuwahi kuufunga kwa dakika saba.

Basi jioni moja Kafedha alirudi kutoka shule anakimbia, mkoba unampiga mgongoni. Siku hizo kulikuwa na daktari wa meno aliyekuwa akizunguka shule za Kisauni kutazama magego ya watoto. Hakuja kung'oa wala kuziba, alitaka kuona umbo lake tu. Watoto waling'ateshwa kibati kilichojaa ute mzito wa rangi ya waridi, na siku ya pili yake wakaonyeshwa meno yao yaliyofinyangwa kwa plasta nyeupe. Nyumbani kwa Velma hakukuwa na habari nyingine tena.

"Mama! Daktari amesema nina kigego!"

Velma alikuwa akikuna nazi. Kifuu kilimponyoka.

"Amesemaje?"

"Nina kigego. Tena kizuri kushinda vya wote! Karisa naye anacho, lakini cha kwangu ndicho kikubwa."

Mtu mwingine angesikiliza vizuri. Angejiuliza kwa nini mtoto anasema kizuri, si mzuri, na kwa nini anasema cha kwangu kana kwamba anazungumzia kikombe. Lakini ukishaliogopa neno kwa miaka saba, huisikilizi sarufi yake. Velma alisikia kigego, basi. Na uani, kwenye kibao chake, Hawe alikuwa amekaa akichambua mchicha, na mikono yake ilikuwa imesimama.

Kabla magharibi haijaingia, simu ikalia ujumbe kutoka kwa mwalimu wa darasa, kijana wa bara aliyehamishiwa pwani mwaka huo. Aliandika: "Mzazi wa Kafedha, salamu. Daktari amegundua mtoto ana kigego. Tafadhali fika shuleni Jumamosi asubuhi pamoja naye. Akiwa na bibi au babu, aje pia, daktari angependa kuona kama kimetoka kwenye familia."

Velma aliusoma ujumbe ule mpaka herufi zikacheza. Kumbe siku hizi wanapima! Wanapima sukari kwa tone la damu, wanapima mimba kwa kijiti, sasa wameweza kutazama gego la mtoto wa gredi ya pili wakajua jino lipi lilitangulia alipokuwa mchanga. Alitoka nje ya boma akampigia mama yake.

"Kana," mama yake alisema papo hapo. "Hata wakikuonyesha kwa picha, kana."

"Mama, ni daktari. Ana vyombo."

"Ana vyombo, alikuwepo? Kana, nasema."

Chakula kilipopakuliwa, Hawe alisema hana njaa. Kila siku yeye na mjukuu wake walikula sahani moja, mtoto akimchambulia samaki miiba. Siku hiyo Kafedha alikula peke yake, akinyanyua macho kila mara kuelekea mlango wa bibi yake uliofungwa. Velma alipomwona mwanawe anatafuna taratibu namna ile, hasira zilimpanda, na hakujua amwelekee nani nazo. Alijua kitu kimoja tu: mwanawe hatakuwa Mwidani. Kama kuna wa kuondoka kwenye boma lile, wataondoka wawili.

Jumamosi walikwenda kwa miguu, shule haikuwa mbali. Hawe alikuwa amejifunga leso mpya, ile anayoitoa kwa misiba na harusi. Velma alimpa shikamoo asubuhi, akajibiwa marahaba, ikawa ndiyo mazungumzo yao yote hadi shuleni.

Darasani walikuta wazazi wengine wamejaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Hakukuwa na utani. Baba mmoja alikuwa ametia kofia usoni. Mama Karisa, jirani yao, alikuwa amesimama mbele kabisa akiapa, na hakuna hata mtu aliyekuwa amemuuliza.

"Wangu yalianza ya chini! Ya chini, mbele ya Mungu! Mkunga aliyaona, mchungaji aliyaona! Huyu daktari anataka kutuharibia watoto!"

"Wa kwangu pia, ya chini," akasema yule wa kofia.

"Na wangu!"

Ikawa kila mtu ni kuapa. Velma akamtazama Kafedha. Mtoto alikuwa amekaa kwenye dawati moja na Karisa, mikono mapajani, shavu limetuna kidogo: alikuwa akipitisha ulimi juu ya jino lake, analitafuta hilo kosa liliko. Ile furaha yake ya juzi ilikuwa imekwisha. Velma akasema moyoni, kukana ni kumwambia mtoto huyu kwamba kweli ana la kuonewa haya.

Mlango ukafunguliwa, daktari akaingia na trei ya sanamu za meno. Alikuwa mwanamke wa makamo, buibui nyeusi na miwani ya fremu nyekundu, mwendo wa mtu asiyechelewa popote. "Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi naitwa Daktari Kuluthum Faki. Nimewaita kwa ajili ya hivi vigego..."

"Daktari, usijisumbue!"

Velma alikuwa ameshasimama. Sauti ilikuwa ileile ya dobi.

"Usijisumbue kutupima. Nitasema mwenyewe, tena mbele ya mama mkwe wangu huyu hapa. Mwanangu yalianza ya juu. Nimesema! Mawili, ya juu, nikiwa kwetu Changamwe, na nikakaa huko mpaka ya chini yakatoka, na nikamficha baba yake, na nikamficha bibi yake. Basi! Na tangu nimlete hapa Mwakirunge hakuna ukuta ulioanguka. Baba yake anaingia machimboni kila siku ya Mungu na kutoka mzima. Mbuzi wa Hawe wamezaa mapacha. Kama huo ndio mkosi, nauomba uongezwe! Na atakayemtenga mtoto wangu, atapambana na mimi, awe na digrii, asiwe na digrii!"

Nje, lori la mawe lilipita na vumbi lake.

Daktari Kuluthum alikuwa amebaki na trei mkononi. Alimtazama Velma, akawatazama wengine, na mshangao ukamtoa Kimvita, lahaja ya kwao.

"Meno ya yuu? Ya yuu gani, mama? Nani alokuuliza meno ya mbele? Mimi nasema gego!"

Akatwaa sanamu moja, akaja nayo hadi mbele ya Velma, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Hili gego la juu la mwanao. Mwaona hivi vilele vyake, vinne? Watoto wote wanavyo, au karibu wote. Sasa tazama ubavuni hapa, upande wa ulimi. Waona hiki kinundu? Si kila mtoto anacho. Wengine ni alama tu, wengine hakuna kabisa. Mwanao anacho kikubwa, cha kupendeza, utasema gego limebeba gego dogo. Ndiyo nikakiita kigego. Wenzangu wana jina la kizungu la kitu hiki, mimi silitaki, lugha yangu haijafilisika. Hakina ugonjwa, hakina dhara, ni umbo tu, kama vile mtu kuwa na kishimo shavuni. Kigego *hiki*, mama. Sikusema kigego *huyu*."

"Kwa hiyo Karisa wangu si kigego?" Mama Karisa aliuliza.

"Karisa? Karisa ana kigego, kidogo, lakini..."

"Daktari, tafadhali, usilitaje tena neno hilo!"

"Kwani kwenu nyinyi kigego ni nini?"

Wakamwambia. Walimwambia wote kwa pamoja, na alipokwisha kuelewa alijishika mdomo.

"Subhanallah. Huyo kwetu ni timvi. Sisi twamwita timvi! Wallahi sikujua mwamwita hivyo." Akaketi kwenye kiti cha mwalimu. Ilionekana wazi kwamba kwa mwanamke yule, kukosea neno la Kiswahili mbele ya watu ni aibu kuliko kukosea jino la kung'oa. "Nimewakosea. Nimewatisha na watoto wenu. Naomba radhi, na neno hilo nimelifuta leo leo. Kitaitwa kinundu."

Kicheko kilianzia kwa yule baba wa kofia, kikazunguka madawati yote. Watu walicheka hadi machozi, wakapigana viganja, wakawakumbatia watoto wao ambao hawakuelewa kitu. Mama Karisa alimshukuru Yesu kwa sauti. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kukumbuka. Kicheko kikapungua, kikaisha, na nyuso zote zikamgeukia Velma aliyekuwa bado amesimama.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ndilo lililomuuma. Wenzake wote walitoka pale wakiwa safi, na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa amemweka mwanawe katikati ya darasa na kumpa jina ambalo hakuna daktari wa kulifuta. Alimwona Mama Karisa akinyoosha mkono, polepole, bila kumtazama mtu, na kumvuta Karisa kutoka kwenye dawati la Kafedha.

Hapo ndipo Hawe aliposimama.

Alisimama kwa utaratibu wake, akaikaza leso kiunoni, na watu wakampa nafasi, maana alikuwa mkubwa wa wote mle ndani.

"Daktari," alisema, "umeniita nije, nimekuja. Lakini hujaniuliza jina."

"Niwie radhi, mama. Waitwa nani?"

"Naitwa Kafedha."

Velma hakuwa amewahi kulitamka jina lile mbele ya mama mkwe wake. Kwa adabu, mtoto mwenyewe nyumbani alimwita tu mwanangu. Binti wa kwanza wa Mgiriama huchukua jina la mama wa baba yake, na wote waliokuwa darasani walijua kuchukua jina si jambo la kuandika kwenye cheti tu.

"Mtoto huyu ni mimi," Hawe aliendelea, hakupandisha sauti. "Nimempa jina, nimekaa ndani yake. Akitukanwa nimetukanwa. Akisifiwa nimesifiwa. Sasa yeyote anayetaka kumwita kigego, wala asihangaike kumwita yeye, ni mtoto, hajui kujibu. Aniite mimi. Nipo hapa. Mama Karisa, nakusikiliza."

Mama Karisa alitazama sakafu.

"Husemi? Basi mrudishe mwanao alipokuwa amekaa."

Karisa akarudishwa. Aliketi, akamsukuma Kafedha kwa kiwiko, Kafedha naye akamsukuma, na mambo yao yakaendelea pale yalipokuwa yamekatika.

Daktari Kuluthum, kwa kuwa kazi ni kazi, alivaa glavu na kuanza kutazama vinywa vya wakubwa. Alianza na Hawe, aliyefungua mdomo kwa fahari. Magego ya juu yalikuwapo bado, yameshalika kidogo, na ubavu wake ulikuwa laini. Akahamia kinywa cha Velma. Akawasha tochi, akatazama tena.

"Hiki hapa! Pande zote mbili. Kinundu cha mtoto kimetoka kwako, mama."

"Nilijua tu," Hawe alisema. "Kwetu sisi meno hayana makorokoro."

Watu wakacheka tena, na safari hii Velma alicheka nao, huku mdomo ukiwa bado wazi na tochi imo ndani.

Wakati wa kurudi, Kafedha alitangulia mbele, sanamu ya meno yake mkononi, akimwonyesha kila waliyekutana naye. Wanawake wawili walifuata nyuma. Velma alivumilia hadi kwenye kona ya duka la sementi, zaidi ya hapo hakuweza.

"Mama, hukushtuka. Niliposema, sikukuona ukishtuka."

"Nishtuke nini? Siku ile ulimshusha kwenye tuktuk, akanichekea. Ya juu yalikuwa meno, ya chini chembe za mchele. Mimi nimezaa wangapi, Velma? Sijui jino lililotangulia?"

"Ulijua." Velma alimgeukia. "Miaka saba nimelala na jambo hili kifuani, na wewe ulijua! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningetakiwa kufanya neno. Pale nyumbani mkubwa ni mimi. Jambo likitamkwa, kila mtu ananitazama, Hawe atafanya nini. Wewe ulinyamaza, nami nikapata njia ya kunyamaza. Nilikushukuru sana kwa hilo, ila sikuwa na pa kukwambia."

"Na juzi ulipokataa kula naye?"

"Nilidhani umekwenda kumwambia daktari kabla hujaniambia mimi. Niliogopa watakuja watu kumchukua. Chakula hakikupita."

Velma alisimama katikati ya njia. Pikipiki ikawapigia honi, ikawazunguka. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, na hakulinong'ona.

"Basi leo nimelitamka, mama. Mbele yako na mbele ya watu wote. Sasa utafanya nini?"

Hawe alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala kanisani.

"Nimeshafanya," alisema. "Kwani hukuwepo?"